Mlango wa Kijani

Tuliuokota Gothenburg, mwezi wa pili,
nyuma ya ghorofa lililokuwa likikarabatiwa:
mlango mzima wa msonobari, kijani,
kitasa chake bado, na tundu la barua
lenye kifuniko cha shaba.
Gruia akaugonga kwa kidole, akasikiliza,
kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
Zamfira, akasema, huu haujazoea kulia.

Usiku huo tuliulaza chini ya daraja
juu ya kreti za maziwa, tukalala juu yake.
Mara ya kwanza tangu Novemba
mgongo wangu haukuzungumza na ardhi.
Upepo ulipenya tunduni, usawa wa kiuno,
kama barua iliyokosa mwenyewe.

Kazi yetu ni chupa.
Mashine ya dukani humeza makopo, hutema kijikaratasi,
na kijikaratasi ndicho mkate.
Jua likitoka mimi hukaa nje ya duka na kikombe,
nasema hei, hei, mpaka neno linachakaa.
Yupo bibi mmoja, Gunvor,
huniletea soksi za kufuma mwenyewe
na swali lile lile: mbona hamrudi kwenu?
Sina Kiswidi cha kumjibu.
Hata kwa Kiromani jibu ni refu:
lina matope, lina deni la duka la Neagu,
lina kiwanja kisicho na hati,
na asiye na hati hapewi umeme,
na asiye na umeme, mwanawe husomea kwenye mshumaa,
na mwalimu humkalisha nyuma
kwa kuwa ananuka moshi.
Basi namwambia: asante, soksi nzuri.

Mgeni siku mbili; ya tatu
hatukupewa jembe, tulipewa karatasi ya manjano.
Polisi kijana akauliza, mlango wa nani?
Wetu, akasema Gruia.
Na nyumba?
Tukacheka sote, hata yeye,
kisha akaona haya, akatazama buti zake.

Tuliufunga juu ya gari la Fanel.
Nauli yetu euro mia kila mmoja, ya mlango hamsini;
Fanel ni shemeji, ila tumbo halina shemeji.
Ujerumani yote mvua.
Mpakani mwa Hungaria askari akatumbukiza mkono tunduni
kutafuta sigara za magendo,
akautoa mtupu, umelowa.

Luminita alikuwa amerefuka.
Alinipa mkono kama anavyompa daktari,
akarudi nyuma ya sketi ya bibi yake.

Kesho yake Gruia akashusha blanketi la mlangoni, akapima.
Akapima tena.
Mlango ulikuwa mrefu kuliko nyumba
kwa shibiri mbili na nusu.
Majirani wakaja kuona, wengine na viti.
Ukate, wakasema. Akaleta msumeno,
akauweka juu ya mbao, akakaa hivyo
muda wa sigara nzima,
akaurudisha msumeno kwa mwenyewe.
Tutapandisha ukuta, akasema.
Safu nne za matofali. Akageuza makopo akilini,
midomo ikicheza, wala hakunitajia idadi.

Kiangazi chote mlango uliegemea ukutani, nje,
kuku wakilala kivulini mwake.
Luminita akigonga, mimi huitika: karibu!
Naye huzunguka, haupiti.

Oktoba, alfajiri, Fanel akapiga honi.
Mtoto alikuwa amesimama mlangoni pale, miguu mitupu,
anasukuma kitu tunduni kwa vidole viwili.
Kifuniko kikalia.
Nikasikia karatasi ikianguka upande wa pili,
kwenye majani.
Honi tena. Gruia akaniita jina langu lote.

Sasa ni Gothenburg, daraja lile lile,
chini pamewekwa mawe yenye ncha ili tusilale.
Gunvor ameniletea soksi, ameniuliza.
Nami nawaza mvua ya kwetu,
na kama kuna aliyezunguka kuiokota.